Pini Ilikuwa Mfukoni Mwangu

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili tusisumbuane. Naogopa umeme, naogopa ngazi, naogopa mbwa hata akiwa amefungwa mnyororo na mwenye mbwa anaapa kwamba haumi. Nikishika wembe shingoni mwa mteja mkono wangu hautikisiki, ulizeni mtaa mzima. Lakini mke wangu akishavaa helmeti na kujifunga mkanda ndani ya lile gari lake la mbio, utanikuta nyuma ya hema nimeinama, chai yote ya asubuhi iko chini. Watu wa uwanjani wameshazoea. "Kinyozi ameshatapika?" wanaulizana. "Ameshatapika." "Haya, mbio zianze."

Na wacheke. Aliye ndani ya gari si mke wao.

Siku za kazi mke wangu hupiga magari rangi kwenye karakana moja ya mjini, na mwisho wa wiki ndipo anapokwenda kuyagonganisha. Uwanjani wanamwita Hasimami, kwa sababu breki kwake ni pambo tu. Gari tulilinunua likiwa gofu, halina kiti wala vioo, na mdogo wake wa tumbo moja, yaani shemeji yangu, fundi makanika, ndiye aliyelifufua. Msidhani nazungumzia zile mbio za kwenye televisheni. Hizi ni za watu kama sisi: mwalimu wa hesabu, muuza mabati, daktari wa meno, kila mmoja na gari aliloliunga mwenyewe uani kwake. Hakuna redio ya kuzungumza na dereva. Ukitaka kumwambia jambo unamwinulia ubao ukingoni mwa barabara, naye anausoma akipita.

Sasa, mwoga naye ana faida yake: husoma maelezo. Shemeji alipomaliza kufunga mtungi wa kuzimia moto nyuma ya kiti, yeye na dada yake waliupiga makofi mawili matatu, wakasema mambo safi, wakaenda kula. Mimi ndiye niliyebaki nimechuchumaa, nasoma maandishi madogo ubavuni. Mtungi ule una mabomba mawili membamba, moja linakwenda kwenye injini na lingine miguuni pa dereva. Kwenye dashibodi kuna kitufe chekundu. Moto ukiwaka dereva anakibonyeza, povu linamwagika kote kuwili. Na pembeni ya kitufe kuna tundu, na ndani ya tundu kunakaa pini ya chuma yenye utepe mwekundu. Pini ikiwa ndani, kitufe hakibonyezeki hata ukikipiga kwa nyundo. Imewekwa makusudi, ili mtu asije akakigusa kwa bahati mbaya gari likiwa bandani. Kabla ya mbio lazima itoke.

Basi pini ikawa kazi yangu. Sikuombwa, nilijipa. Mke wangu akishafungwa mkanda, mimi huinama dirishani, naichomoa mbele ya macho yake, naipandisha hadi usawa wa kioo cha helmeti yake.

"Hii hapa," nasema.

"Nimeiona," anajibu.

Halafu naitia mfukoni mwa shati na kuishika kwa juu mpaka mbio ziishe. Vijana wa uwanjani walinipachika jina la Waziri wa Pini. Nikawaambia wizara yangu haina mishahara, waache kuomba kazi.

Na si pini tu. Msimu mmoja tulimwona muuza mabati akiwaka moto ndani ya gari lake. Hakuwa amevunjika hata kidole. Alikuwa mzima kabisa, ila mikono yake ilikuwa inautafuta mkanda pale ambapo mkanda haupo. Alikuwa anapapasa kifua, anapapasa mapaja, kama mtu aliyepoteza funguo. Walimtoa, anaishi, lakini huo upapasaji wake mimi uliniingia kwenye mifupa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu: kuanzia leo, wewe na mimi, bandani.

Alinicheka. Kisha akakubali, maana anapenda amani ya nyumba.

Tulikuwa tunafanya hivi. Anaingia garini, anavaa helmeti na glavu, anajifunga. Mimi nachukua lile shuka jeusi ninalowafunga wateja shingoni, namfunika kichwa kizima asione hata mwanga. Shuka lenyewe halikosi vinywele, kwa hiyo kwanza lazima apige chafya na kunitukana. Halafu nakaa kimya. Nakaa kimya mpaka anaanza kuchoka, mpaka anaanza kusema, "We kinyozi, umelala?" Hapo ndipo ninapopiga ukelele, "Moto!"

Na yeye anaanza, kwa sauti, mkono ukifuata mdomo: swichi, kitufe, mkanda, usukani, wavu, toka. Swichi ya kuzima umeme wa gari. Kitufe cha povu. Mkanda unafunguka kwa kuzungusha. Usukani unachomoka wote ili miguu ipate nafasi. Wavu wa dirishani unateremka. Kisha nje, kwa tumbo, kwa magoti, vyovyote. Mara nyingine nilikuwa nasimama nimeziba dirisha lake kwa mgongo wangu bila kumwambia. Akitoa kichwa anakutana na mgongo. "Huku kumekufa," namwambia, na yeye anageuka huku ananilaani mimi na ukoo wangu, anajipenyeza katikati ya vyuma, anatokea dirisha la pili.

Nyumbani pini ilibaki mahali pake siku zote. Kuujaza upya mtungi ule kila wiki, nani anaweza? Kwa hiyo katika mazoezi yote aliyofanya, kitufe hakikuwahi kuingia ndani. Alikuwa anakipiga kwa kiganja, paa, kinabaki kigumu, mkono unahamia kwenye mkanda. Mimi nilikuwa naliona hilo na halikunisumbua. Na mimi ninayesumbuliwa na kila kitu!

Lipo pia jambo la kiapo, lazima nalo mlijue. Mbio za nyuma kidogo ya hizi ninazotaka kusimulia, niliuona moshi mweusi nyuma ya gari lake. Nikakimbia kwa msimamizi wa mbio huku napiga mayowe ya moto, wakamwinulia bendera nyeusi, na bendera nyeusi maana yake ni toka barabarani, mbio zako zimekwisha. Kumbe moshi ulikuwa wa mwalimu wa hesabu aliyekuwa mbele yake, injini yake inakunywa oili kama mlevi. Mke wangu alikuwa anakaribia kushinda kwa mara ya kwanza. Tulipofika nyumbani alinisimamisha jikoni, mikono kiunoni.

"Apa," akasema.

"Niape nini tena, mama?"

"Kwamba hutanisimamisha tena kwa woga wako. Mpaka uone moto wenyewe kwa macho yako. Ukinisimamisha tena bure, uwanjani huji. Nitakwenda na mdogo wangu, wewe utabaki kwenye viti vyako na mashine zako."

Nikaapa. Ningefanyaje? Bora kutapika nikiwa uwanjani kuliko kutapika nikiwa kinyozini bila kujua anaendeleaje.

Siku yenyewe ilianza vizuri mno, na mimi siku ikianza vizuri ndipo ninapoogopa zaidi. Magari yalipangwa kwenye mstari wa kusubiri. Nikainama dirishani, nikachomoa pini, nikamwinulia.

"Hii hapa."

"Nimeiona. Nenda katapike."

Nikaenda. Mbio zilichelewa kidogo kuanza, sikujua kwa nini, na sikuwa katika hali ya kuuliza. Niliporudi nimejifuta mdomo, alikuwa amekaa vilevile, amefungwa vilevile, injini inanguruma. Shemeji alinipungia mkono kwamba kila kitu sawa. Nikagusa mfuko. Pini ipo. Bendera ikashuka, wakaondoka, mavumbi yakatufunika.

Na mke wangu aliendesha siku hiyo! Hata mimi mwenye roho mkononi niliona. Mzunguko baada ya mzunguko aliwapita mmoja mmoja, akampita daktari wa meno kwa ndani, akampita mwalimu wa hesabu kwa nje, mpaka akawa mbele ya wote na nyuma yake barabara tupu. Shemeji alikuwa anarukaruka na ubao wake. Ubao huo ni kipande cha mbao cha kuandika nafasi kwa chaki, na huwa anautundika kwenye nguzo ya hema kwa msumari mmoja mnene anaotembea nao mfukoni. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo. Akataka kuutundika apumzishe mikono. Akatia mkono mfuko wa kulia. Akatia wa kushoto. Akajipapasa mfuko wa nyuma.

Kisha akaacha kupapasa, akasimama hivyohivyo mkono ukiwa nyuma.

Jamani, kazi yangu mimi ni kutazama nyuso za watu kwenye kioo kuanzia asubuhi hadi jioni. Namjua mtu aliyefiwa kabla hajaketi, namjua aliyefukuzwa kazi, namjua anayetaka kukimbia bila kulipa. Ule uso wa shemeji niliuona, na kabla hajasema neno nilishafika mbele yake.

"Shemeji," nikamwambia, "msumari uko wapi?"

"Msumari gani?"

"Usinifanyie hivyo. Msumari wako uko wapi?"

Alitazama barabara, akatazama viatu vyake. "Mkaguzi alipita ulipokuwa nyuma ya hema," akasema. "Mkaguzi mpya. Alitaka kila dereva aonyeshe anavyotoka garini. Dada unamjua, angekipiga kile kitufe, mkono wake haukikosi hata usingizini. Povu lingejaa gari zima, tungekuwa tumekosa mbio. Na pini umeondoka nayo wewe. Dada akiwa anamsikiliza mkaguzi, nikachomeka msumari kwenye lile tundu, mara moja tu, mpaka aonyeshe."

"Ukautoa."

Akaukumbatia ubao wake.

"Shemeji! Ukautoa?"

"Wakasema washa injini," akasema. "Nikakimbilia mkanda wake. Nikasahau."

Nilitia mkono mfukoni nikaitoa pini. Utepe wake mwekundu ulikuwa umelowa jasho langu. Mbio nzima nilikuwa nimekishikilia kitu hiki, kimenituliza, kimenidanganya kwamba kule ndani kila kitu kiko wazi. Na kule ndani mke wangu alikuwa anakwenda kwa kasi yake yote akiwa na tangi la petroli nyuma na kitufe kilichokufa mbele, na katika watu wote waliokuwa pale hakuna aliyejua ila sisi wawili.

Nikageuka niende kwa msimamizi. Shemeji akanidaka mkono.

"Ngoja. Imebaki mizunguko michache tu. Anaongoza, shemeji! Mwache amalize. Moto hautokei kila siku."

"Niachie."

"Atatuua sisi kabla ya moto. Uliapa! Nilikuwepo ulipoapa."

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana nilimchukia. Ningesimama pale, ningeweza. Magari yalikuwa yanapita salama. Ningesubiri mizunguko michache, mke wangu angeshinda, angetoka anacheka, mimi ningeuchomoa ule msumari kimyakimya na hakuna ambaye angejua. Naogopa ugomvi wa nyumbani, sifichi. Nilikuwa namwogopa yeye na nilikuwa naogopa kwa ajili yake, na hofu zile mbili zilikuwa zinanivuta huku na huku.

Nikaukwapua mkono wangu, nikakimbia.

Msimamizi wa mbio ni mama mmoja mfupi mwenye filimbi shingoni, hana mchezo lakini utani anaujua. Aliponiona nakuja mbio aliinua macho juu. "Kinyozi," akasema, "tena?"

"Bendera. Msimamishe mke wangu."

"Umeona moto?"

"Sijaona."

"Umeona moshi wa mwalimu?"

Walio karibu wakacheka. Mimi nilishindwa hata kupumua, nikamwonyesha pini, nikaanza kueleza, maneno yanagongana mdomoni: msumari, mkaguzi, tundu, kitufe. Yule mama aliacha kutabasamu katikati ya habari. Aliichukua bendera nyeusi na kibao chenye namba ya gari letu, kisha akanitazama.

"Nikiinua hii, mbio zake zimekwisha. Na yuko mbele. Ni mkeo, si wangu. Unasemaje?"

"Inua," nikasema.

Akainua. Nikasimama pembeni yake, karibu na barabara kuliko inavyoruhusiwa, na nikaliona gari letu likitokea upande wa pili. Nilitaka kumpa ishara. Mkono wangu ulikuwa tayari umeinuka na pini ndani yake, utepe unapepea, na hapohapo nikashtuka nikauficha mgongoni. Kwake yeye ile pini ina maana moja tu: mambo yote sawa. Ningekuwa namwambia uongo kwa mkono wangu mwenyewe.

Alipita. Helmeti yake iligeuka upande wetu. Aliiona bendera, akaniona na mimi. Nilipiga kelele nikakatisha mikono hewani, simama, simama mama, na injini yake ikajibu kwa kunguruma zaidi. Hakupunguza. Aliongeza.

Kona inayofuata haionekani vizuri kutoka pale tulipokuwa. Tulisikia matairi yanalia, kisha mshindo mzito, kisha hakuna sauti ya gari lake tena. Watu waliokaa kwenye ngazi upande ule wakasimama wote kwa pamoja.

Sikumbuki nilivyokimbia. Nakumbuka nimefika kwenye uzio na mtu mmoja mwenye fulana ya njano amenishika kiunoni, ananiambia bwana huwezi kupita, waachie wenye vifaa. Gari lilikuwa limejibana kwenye ukuta wa matairi, ubavu wa dereva ndio umezama humo. Moshi ulianza mweupe. Kisha ukawa mweusi. Kisha chini ya boneti pakatokea ulimi mdogo wa moto, ukaingia ndani, ukatoka mkubwa zaidi.

Hapo nikaanza kusema. Sikuamua kusema, mdomo ulisema wenyewe. "Swichi," nikasema. "Kitufe." Na nilipotamka kitufe sauti ilinikatika, maana nilijua kwamba sasa hivi, humo ndani, mkono wake umekipiga na hakuna kilichotoka. Nikamwona akilini anakipiga tena. Nikamwona anakipiga mara ya pili, ya tatu, anashangaa, anajaribu, anangoja povu, kama muuza mabati na mkanda wake. Wewe mtu wa fulana ya njano, niache, mke wangu anangoja povu! Nadhani nilimng'ata. Waliniambia baadaye nilimng'ata.

Moshi ulikuwa umejaza gari lote, huoni kiti, huoni mtu. Wenye vifaa walikuwa bado wanakimbia na mitungi yao. Nililia kwa sauti. Mwanamume mzima, kinyozi wa watu, nalia mbele ya uwanja mzima.

Halafu wavu ukadondoka. Wavu wa dirisha la upande wa pili, upande wangu. Ikatoka glavu. Ukatoka usukani kwanza, umetupwa nje kama sufuria bovu, kisha helmeti, kisha mabega, na mke wangu akamwagika chini kwa tumbo, akaanza kutambaa. Watu wawili wakamdaka wakamburuta, na nyuma yake moto ukatokea kwenye dirisha lilelile alilotoka.

Chumba cha huduma ya kwanza kina kitanda kimoja chembamba, beseni, na pazia lililopauka. Muuguzi alikuwa amemfunga bendeji mikono yote miwili, maana moto ulimkuta pale glavu inapoachana na mkono wa suti. Nyusi zilikuwa zimeungua ncha. Alikuwa anakohoa. Nilikaa kwenye kiti miguuni pake.

"Niliiona bendera," akasema.

"Najua."

"Nikakuona na wewe umesimama pale na mikono yako. Nikasema, mwanamume huyu ameanza tena. Nilikasirika, unasikia? Nilikasirika mpaka sikuiona kona. Ile kona naijua kama jiko langu, na niliingia nayo kwa hasira."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijasema ni wewe. Nakwambia ilivyokuwa."

Akakohoa, muuguzi akampa maji, akanywa kwa mrija. Halafu akaangalia dari.

"Kitufe hakikuingia," akasema. "Nilikipiga, kikawa kigumu. Na sikushtuka. Nilikuwa sioni kitu, moshi umenifunika kichwa, kitufe kigumu, dirisha langu limezibwa. Nilidhani tuko nyumbani. Nakuapia. Nilidhani umesimama pale na mgongo wako unaniambia huku kumekufa. Nikageuka, nikatoka." Akanitazama. "Lakini pini si uliitoa? Niliiona kwa macho yangu."

Nikafungua kiganja. Pini ilikuwa bado imo, nilikuwa nimeibana mpaka imechora umbo lake kwenye ngozi. Nilijua la kusema lakini sikutaka kulisema mimi. Mlangoni, nyuma ya pazia, shemeji alikuwa amesimama muda wote huo. Akaingia, kofia mkononi.

"Ulikuwa msumari, dada," akasema. "Msumari wangu. Mkaguzi alipotaka uonyeshe, niliuchomeka. Sikuutoa. Shemeji aligundua ndiyo maana akakusimamisha. Mimi nilimkataza."

Mke wangu hakumtukana. Ningependa angemtukana, matusi ya mke wangu nimeyazoea. Alimtazama mdogo wake, kisha akaitazama ile pini, na nikauona uso wake ukifanya kitu ambacho sijawahi kukiona tangu nimwoe. Kidevu kilianza kutetemeka. Kisha mabega. Kisha kitanda chote kikawa kinagonga ukuta.

"Ningekipiga tena," akasema. "Mnanielewa? Kama ningekuwa nimezoea kuona povu, ningekipiga tena. Ningebaki pale nakipiga."

Shemeji alikwenda nje akakaa chini. Mimi nilimshika miguu, ndiyo pekee isiyokuwa na bendeji, na tukatetemeka wote wawili.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Kwa kweli niliomba iwe hapo. Lakini Hasimami hakupewa jina hilo na mimi. Ngozi ya mikono iliporudi, nyekundu na laini, shemeji alikuwa ameshapata gofu lingine na ameshaanza kuliunga. Alifunga mtungi mpya. Alisema labda safari hii tufanye mazoezi hata mara moja pini ikiwa nje, dada alione povu lenyewe linavyokuja. Mke wangu akamkatalia papo hapo. "Kitufe kibaki kigumu," akasema. "Likija povu, zuri. Lisipokuja, sitaki kulingoja."

Jana ndiyo tumeanza tena. Tumeingia bandani sote watatu. Kabla ya chochote alimgeukia mdogo wake, akamnyooshea kidole, na shemeji, bila kuambiwa, akavuta mifuko yake yote nje, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Haikuwa na kitu. Misumari siku hizi inakaa kwenye kopo ukutani. Kisha mke wangu akaingia garini, akajifunga, akavaa glavu mpya juu ya ile mikono.

Nikamfunika shuka. Akapiga chafya, akanitukana, nikafurahi.

Kisha nikakaa kimya kama kawaida. Nikangoja kama kawaida. Na muda ulipofika nikafungua mdomo niseme lile neno, nikakuta halitoki. Nilivuta pumzi nikajaribu tena. Shemeji alinitazama, akainamisha macho. Chini ya shuka jeusi kichwa cha mke wangu kilikuwa kimetulia, mikono yake iko juu ya mapaja, inangoja.

"Kinyozi," akaniita kutoka gizani. "Sema basi."

Nilitikisa kichwa, kana kwamba ananiona.

Akangoja. Kisha nikamsikia anavuta pumzi.

"Moto," akasema mwenyewe, taratibu, na mkono wake ukaenda kwenye swichi.